Jodari na Samoni: Rangi Isomwe Mwisho

Mnunuzi wa jodari huuliza kwanza kama mnofu ni mwekundu, na mnunuzi wa samoni huuliza kama rangi yake ya chungwa imekolea. Maswali hayo yana haki yake, na hakuna mkaguzi anayeyapuuza. Hata hivyo, kwa kuwa kazi yangu ni kupokea samaki hawa na kuwapanga kwa madaraja kabla hawajakatwa, nimefikia msimamo ambao nautetea kila ninapopata nafasi: rangi isomwe mwisho, baada ya mkono, pua na maelezo ya namna samaki alivyovuliwa. Wekundu wa jodari unaweza kutengenezwa kwa gesi, na rangi ya samoni wa kufugwa hutokana na chakula alicholishwa. Lakini namna samaki alivyokufa, alivyotolewa damu na alivyopozwa ni mambo ambayo hakuna awezaye kuyarekebisha baada ya saa zile za mwanzo kupita.

Jodari ndiye anayedai uangalifu zaidi, na sababu imo mwilini mwake. Samaki walio wengi wana joto sawa na la maji wanamoishi, ilhali jodari ana mtandao wa mishipa myembamba ya damu unaolirudisha ndani joto linalozalishwa na misuli yake, kiasi kwamba jodari mkubwa wa pezi buluu anaweza kuwa na joto la ndani linalozidi la maji kwa nyuzi 10 na zaidi. Anaponaswa kwenye ndoana na kupigana kwa muda mrefu, misuli yake huzidi kupata joto na wakati huohuo hujaa asidi ya laktiki. Joto na asidi vikikutana, protini za mnofu huharibika kana kwamba zimeanza kuiva: mnofu hupauka, hupoteza mng'ao, huvuja majimaji na huacha uchachu mdomoni. Wafanyabiashara husema samaki huyo ameungua. Kinachosumbua ni kwamba samaki aliyeungua anaweza kuonekana mzima kabisa kwa nje, mwenye ngozi ya kung'aa na macho maangavu.

Kwa hiyo ubora wa jodari huamuliwa juu ya sitaha ya chombo, muda mrefu kabla mkaguzi hajamwona. Mvuvi anayejua thamani ya samaki wake humvuta kwa kulabu ya kichwani, kamwe si ya ubavuni, akamlaza juu ya kitu laini ili mnofu usivilie damu, kisha akatoboa ubongo kwa chuma chenye ncha na kupitisha waya mwembamba ndani ya mfereji wa uti wa mgongo. Waya huo huzima mitetemo ya misuli ambayo ingeendelea kuzalisha joto na kumaliza akiba ya nguvu hata baada ya samaki kufa. Hufuata kukata mishipa ya damu nyuma ya mapezi ya ubavuni, kutoa matamvua, kumtumbua na kumwosha, halafu kumzamisha katika mchanganyiko wa maji ya bahari na barafu, ambao humgusa kila upande na kumpoza haraka kuliko barafu iliyomwagwa juu yake tu. Mnofu wa jodari wa kilo 100 ni mnene mno, na ubaridi huchukua saa nyingi kufika kwenye mfupa. Mvuvi akiharakisha kumtoa kwenye maji hayo ya barafu ili apate nafasi ya samaki mwingine, atakuwa amempoza ngozi huku akimwacha na moto ndani.

Samaki anapofika mnadani au kwenye chumba cha mapokezi, mkaguzi hawezi kumpasua ili aone yaliyomo, na hapo hutumika njia mbili. Ya kwanza ni chuma chembamba chenye uwazi ndani, kinachochomwa nyuma ya pezi la ubavuni na kuchomolewa kikiwa kimebeba kijiti cha mnofu, kama bambo linavyochomwa kwenye gunia la mchele ili zionekane punje za katikati. Kijiti hicho hulazwa juu ya karatasi nyeupe au kiganjani na kusomwa kuanzia upande wa ngozi kuelekea mfupani. Sehemu iliyo karibu na ngozi huonyesha mafuta, ya katikati huonyesha rangi halisi ya mnofu, na ncha iliyotoka karibu na mfupa ndiyo inayofichua kuungua, kwa kuwa huko ndiko joto hukaa muda mrefu zaidi. Nikiona ncha hiyo imepauka na haipitishi mwanga, ilhali upande wa pili ni mwekundu mwangavu, ninajua kwamba samaki alipozwa polepole, hata kama karatasi zake zinadai vinginevyo.

Njia ya pili ni mkato wa mkia. Kipande cha duara hukatwa au kufunuliwa karibu na kikonyo cha mkia, na mkaguzi hukimulika kwa tochi. Hapo huonekana utando wa mafuta chini ya ngozi, mistari ya mafuta kati ya tabaka za misuli, mnofu wa damu wenye rangi nzito, na muhimu kuliko vyote, kiwango ambacho mnofu unaruhusu mwanga upenye. Kisha huja kazi ya vidole, ambayo kwangu ndiyo sehemu ya ukaguzi inayoaminika kuliko zote. Mkaguzi huchukua punje ya mnofu, akaibana kati ya kidole gumba na cha shahada, akaisugua mpaka ipate joto la mwili. Mafuta mazuri huyeyuka na kuacha utelezi mwembamba usionata. Mnofu uliojaa maji huvunjikavunjika na kuacha unyevu tu. Mkono uliozoea hutambua tofauti hiyo mara moja, na sijaona kifaa kinachoifanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Mahali panapojulikana zaidi kwa ukaguzi wa namna hii ni soko la Toyosu mjini Tokyo, lililofunguliwa Oktoba 2018 kuchukua nafasi ya soko la jumla la Tsukiji. Jodari hupangwa sakafuni kwa safu, wabichi upande mmoja na waliogandishwa upande mwingine, na wanunuzi hupita wakiwa na tochi na vikulabu vidogo, wakichokoa mnofu mkiani na kuusugua vidoleni kabla ya kengele ya mnada kulia. Januari 2019, jodari wa pezi buluu wa kilo 278 aliuzwa hapo kwa yeni milioni 333.6, yaani yeni milioni 1.2 kwa kila kilo. Naitaja bei hiyo kwa sababu watu wengi huichukulia kuwa kipimo cha ubora, ilhali ilikuwa bei ya mnada wa kwanza wa mwaka, ambao wanunuzi hushindania heshima na matangazo. Samaki yule bila shaka alikuwa bora, lakini siku za kawaida ubora wa kiwango hicho hununuliwa kwa sehemu ndogo sana ya fedha hizo.

Baada ya ukaguzi hutolewa daraja. Katika biashara ya kimataifa ya jodari mbichi hutumika zaidi namba: daraja la 1 kwa mnofu mwekundu mwangavu wenye mafuta na uimara, la 2 likigawanywa kwa alama ya kujumlisha na ya kutoa, na la 3 kwa mnofu uliofifia au kugeuka kahawia, ambao hufaa kupikwa au kuingizwa mkebeni. Hakuna sheria ya kimataifa inayofafanua mipaka ya madaraja hayo. Wakaguzi wawili wanaweza kumpa samaki mmoja namba tofauti na wote wawili wakawa na hoja. Zaidi ya hayo, namba haina maana mpaka ujue ni jodari wa aina gani: jodari wa pezi njano ana mnofu wa rangi nyepesi na mafuta machache, jodari wa macho makubwa ana mafuta zaidi na wekundu mzito, na albakora ana mnofu wa waridi hafifu hata akiwa katika hali bora kabisa. Anayemlaumu albakora kwa weupe wake anampima kwa mizani isiyo yake.

Sasa niingie kwenye rangi yenyewe, ambayo huleta udanganyifu mwingi katika biashara hii. Wekundu wa jodari hutokana na mayoglobini, protini inayohifadhi oksijeni misulini. Mnofu uliokatwa sasa hivi huwa na rangi ya zambarau iliyokoza. Ukikutana na hewa huwa mwekundu mwangavu. Na muda ukipita, chuma kilichomo ndani ya mayoglobini hubadilika na mnofu ukawa kahawia. Friza ya kawaida ya nyuzi 18 chini ya sifuri huzuia bakteria lakini haizuii mabadiliko hayo, na ndiyo sababu jodari wa kuliwa mbichi huhifadhiwa kwa nyuzi 60 chini ya sifuri, kuanzia melini hadi ghalani. Mitambo ya namna hiyo ni ya gharama kubwa, na hapo ndipo wengine huchukua njia ya mkato ya kuupitishia mnofu kaboni monoksidi, au moshi uliochujwa harufu lakini bado una gesi hiyo. Gesi hushikamana na mayoglobini kwa nguvu kuliko oksijeni na kuacha rangi ya waridi iliyokolea ambayo haibadiliki kwa muda mrefu, hata mnofu ukiwa umeanza kuchina. Umoja wa Ulaya na Japani wamepiga marufuku matumizi hayo, ilhali Marekani inayaruhusu.

Ninayeandika haya napinga matumizi hayo waziwazi. Sababu yangu si kwamba gesi yenyewe, kwa kiasi kinachobaki mnofuni, humdhuru mlaji, bali ni kwamba humnyima mlaji alama pekee anayoweza kuisoma kwa macho. Jodari asiyetibiwa hutoa onyo kwa kugeuka kahawia. Aliyetibiwa hunyamaza. Njia moja ya kumtambua ni kuangalia mnofu wa damu, ule ukanda wenye rangi nzito unaopita ubavuni: kwa kawaida huwa wa kwanza kugeuka kahawia, hivyo ukiukuta nao unang'aa kwa wekundu uleule wa mnofu mwingine, uwe na shaka.

Onyo hilo lina uzito kwa sababu ya histamini. Mnofu wa jodari una wingi wa histidini, kiungo cha asili cha protini, ambayo bakteria wa kawaida wa matamvua na matumbo huigeuza kuwa histamini endapo samaki ataachwa kwenye joto. Sumu hiyo haina rangi wala harufu inayotegemewa, na ikishatokea haiondolewi kwa kupika, kugandisha wala kuweka mkebeni. Mlaji huweza kuhisi ukali kama wa pilipili ulimini, kisha uso ukawaka na kuwa mwekundu, kichwa kikauma, moyo ukaenda mbio, wakati mwingine dakika chache tu baada ya kula. Umoja wa Ulaya huagiza shehena ipimwe kwa sampuli 9: wastani usizidi miligramu 100 kwa kilo, sampuli 2 tu ziruhusiwe kuwa kati ya 100 na 200, na isiwepo hata moja inayopita 200. Mwaka 2017 nchini Hispania watu zaidi ya 100 waliugua kwa kula jodari wenye histamini nyingi, katika kipindi ambacho wakaguzi wa Ulaya walikuwa wakifuatilia jodari waliokusudiwa kuingizwa mkebeni waliopewa kemikali za kurudisha wekundu na kuuzwa kama wabichi.

Samoni ni habari nyingine, kwa sababu samoni wengi wanaouzwa duniani leo ni wa Atlantiki waliofugwa, hasa Norwei, Chile na Uskoti, na mfugaji ana uwezo wa kupanga saa ya kifo chao. Samaki hufungishwa siku kadhaa ili matumbo yawe matupu, huvutwa kwenye mabomba hadi machinjioni, huzimishwa fahamu kwa pigo la kichwani au kwa umeme, hukatwa matamvua na kuachwa watoke damu katika maji baridi. Wakitaharuki kabla ya hapo, nguvu za misuli huisha mapema, mwili hukakamaa haraka na kwa nguvu, na mnofu huja kupasuka kati ya tabaka zake. Mipasuko hiyo ni kasoro kubwa ya samoni, kwa kuwa mnofu uliopasuka haukatiki vipande vyembamba na hauwezi kufukizwa moshi ukapendeza.

Norwei hupanga samoni mzima katika madaraja matatu. La juu ni la samaki asiye na kidonda, asiyepinda, mwenye magamba na ngozi safi. La kawaida huruhusu kasoro ndogo. La tatu ni la wenye vidonda, ulemavu au dalili za kupevuka kwa ajili ya kuzaa, na kwa sheria ya nchi hiyo hao hawaruhusiwi kusafirishwa nje mpaka kasoro iondolewe, aghalabu kwa kukatwa kichwa au kugeuzwa minofu. Utaratibu huo naupenda, kwa maana unamlazimisha mzalishaji kubaki na mzigo wa kasoro zake. Lakini daraja hili husoma ngozi tu. Madoa meusi ya melanini, ambayo huota ndani ya mnofu, hasa upande wa tumbo, hayaonekani mpaka kisu kipite, na samaki wa daraja la juu anaweza kuwa nayo.

Rangi ya samoni hupimwa kwa upepeo wa vipande vya rangi uitwao SalmoFan, wenye namba kuanzia 20 hadi 34, unaowekwa kando ya mnofu chini ya mwanga maalumu. Samoni wa porini hupata rangi hiyo kwa kula kamba wadogo wenye astazanthini, kitu cha asili chenye rangi ya chungwa na wekundu. Wa kufugwa huipata kwenye chakula chake, na asipoongezewa, mnofu wake huwa wa kijivu hafifu. Namba kubwa kwenye upepeo huonyesha basi kwamba mfugaji alitumia fedha kwa chakula na kwamba samaki aliweza kukifyonza, jambo ambalo lina thamani yake sokoni, lakini haisemi lolote kuhusu siku alizokaa kwenye barafu. Kwa samoni wa porini ni tofauti: huko Alaska, ambako ufugaji wa samaki wa mapezi ulipigwa marufuku mwaka 1990, samaki anayekaribia kuzaa huhamisha rangi na mafuta kutoka mnofuni kwenda kwenye mayai na ngozi, hivyo mnofu uliopauka pamoja na ngozi iliyotiwa giza ni dalili ya kweli kwamba nguvu zake zimekwisha.

Upya wa samoni huamuliwa kwa alama ambazo kila muuza samaki anazijua: macho yaliyotokeza, matamvua mekundu yasiyo na utando wa kijivu, harufu ya bahari badala ya shombo, na mnofu unaorudi ukibonyezwa. Mimi huanza na tundu la tumbo. Nikipitisha kidole kandokando ya mbavu na kuikuta mifupa imeachana na mnofu, au damu iliyoganda kando ya uti wa mgongo imegeuka kahawia na kunuka, macho maangavu hayatanibadilisha uamuzi.

Katika ukataji, samoni ana mtego wake. Mstari wa miiba midogo, takriban 30 kila upande, umeshikwa imara na mnofu mpaka ukakamavu wa kifo uachie, jambo linalochukua siku 3 hadi 5 kwenye barafu. Mkataji anayetoa minofu saa chache baada ya kuchinja hupata mnofu imara usio na mipasuko, lakini miiba humlazimu kuikata pamoja na ukanda wa nyama. Anayesubiri huing'oa kwa koleo bila kupoteza kitu, ila mnofu wake umekwisha kulegea kidogo. Jodari hana shida hiyo: hutenganishwa katika mapande manne marefu kufuata uti wa mgongo, mnofu wa damu ukaondolewa, na mapande yakagawanywa kwa mafuta, yaani mnofu mwekundu wa mgongoni uuzwe peke yake na wa tumboni, ulio ghali zaidi, peke yake.

Kuhusu kula mbichi, maneno yanayobandikwa kwenye vifurushi kwamba samaki ni wa daraja la sushi hayana ufafanuzi wa kisheria, na mnunuzi aulize badala yake kama samaki aligandishwa. Umoja wa Ulaya hutaka samaki wa kuliwa mbichi agandishwe kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24 au nyuzi 35 chini ya sifuri kwa saa 15, ili minyoo ya anisaki ife; mwongozo wa Marekani hutaka siku 7 kwa nyuzi 20 hizo. Samoni aliyefugwa kwa chakula kisichoweza kubeba minyoo husamehewa, na Marekani huwasamehe pia jodari wakubwa. Samoni wa porini hasamehewi kabisa, hata awe mpya kiasi gani.

Namna ya kuyeyusha barafu nayo huharibu au huokoa kazi yote iliyotangulia. Jodari wa nyuzi 60 chini ya sifuri hugeuka kahawia upesi zaidi akikaa katika nyuzi chache chini ya sifuri, kwa hiyo kipande hupitishwa kwa dakika moja hivi katika maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kikafutwa, kikafungwa kwa karatasi ya kunyonya maji na kumalizika kuyeyuka ndani ya jokofu. Kikiwa kimefungwa kwenye mfuko uliotolewa hewa, mfuko huo ufunguliwe kabla barafu haijayeyuka, kwa sababu bakteria wa botulizimu wanaopatikana kwa samaki huota pasipo oksijeni hata katika nyuzi 4, na sumu yao hutangulia harufu yoyote ya kuoza.